Arobaini ya Mzazi

Mjamzito anayehudhuria kliniki leo Tanga, Mombasa au Unguja huambiwa mapema vitu vya kuweka tayari: glavu, pamba, wembe mpya, uzi au kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika kitandani, beseni, doti mbili tatu za kanga na nguo za mtoto. Vyote huingia katika mkoba mmoja, na kazi ya mkoba huo huisha mtoto akishazaliwa, au siku chache baadaye. Mabibi wa mabibi zake nao walijiandaa, ila macho yao yalikuwa mbali zaidi. Samli ilitengwa, kuku walifugwa, kuni zilirundikwa uani, na juu ya yote alitafutwa mtu aliyekubali kuacha shughuli zake kwa mwezi mmoja na siku kumi, yaani arobaini. Maandalizi hayo yalilenga kipindi kinachoanza pale mtoto anapolia. Hoja ya makala hii ni kwamba katika tofauti hiyo imo historia ya uzazi wa mwambao wetu. Ndani ya karne moja tumeihamisha saa ya kujifungua kutoka chumba cha ndani hadi hospitali, na tulifanya sawa. Lakini kipindi cha baada yake, ambacho wazee walikitengea watu, chakula na utaratibu, hakikuhamia popote. Kimebaki bila mwenyewe.

Maandishi ya zamani juu ya jambo hili ni machache, ila yanatosha kuanzia. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 huko Ujerumani. Humo anaeleza watoto wa jumba la Sultani walivyoviringishwa nguo tangu mabegani hadi miguuni katika siku zao za mwanzo, na sherehe ya kunyoa nywele siku 40 zilipotimia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mswahili wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake, ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, na uzazi una nafasi yake ya heshima humo. Lakini Mtoro alikuwa mwanamume, na chumba cha mzazi hakikuwa mahali pa wanaume. Alichoweza kukijua vizuri ni kile kilichovuka kizingiti: ujira wa mkunga, vyakula vilivyonunuliwa, zawadi, kisomo kilichosomwa uchungu ulipokuwa mrefu. Kazi ya mikono iliyofanyika ndani ilibaki kwa wakunga, masomo na makungwi, nao hawakuiandika. Ndiyo maana masimulizi ya wanawake wenyewe, kama yale waliyoyakusanya Sarah Mirza na Margaret Strobel huko Mombasa katika miaka ya 1970, pamoja na ujuzi ambao bado unapokewa nyumba kwa nyumba, yana uzito mkubwa kuliko wanahistoria wengi wanavyoyapa. Anayesoma vitabu peke yake ataona sherehe na ada, kisha atadhani desturi yenyewe ilikuwa sherehe na ada.

Ilikuwa kazi, tena kazi nzito yenye mpangilio. Kwa mimba ya kwanza, binti alirudi kwao mimba ilipofika miezi saba au minane, ili azalie mikononi mwa mamake. Mkunga alikwisha kuarifiwa, na mara nyingi alikuwa amekwisha kumpapasa tumbo kumwangalia mtoto alivyolala. Baada ya kuzaa, kila asubuhi, na pengine jioni pia, mzazi alikandwa. Maji yalichemshwa na majani hadi yakawa moto kiasi ambacho mkono usiozoea hauwezi kuyastahimili. Mkandaji alichovya kitambaa, akakikamua, akakikandamiza kiunoni, mgongoni, nyongani na tumboni, akirudia pale alipohisi pagumu. Kisha akamfunga mkaja, kitambaa kirefu kilichozungushwa tumboni na kukazwa. Ndipo akanyweshwa uji wa pilipili manga ukiwa wa moto, na mchana supu ya kuku au mchuzi wa pweza ili maziwa yatoke. Mtoto naye alipakwa mafuta, akanyooshwa viungo, akavalishwa winda la kanga kuukuu, kwa sababu kanga iliyofuliwa miaka mingi haimkwaruzi. Ubani ulifukizwa, mvuje ukafungwa katika kitambaa cheusi kumkinga na vijicho na mashetani, na wageni wakapunguzwa. Kila siku mwanamke mwenye ujuzi alimwona mzazi uchi wa mwili wake, akagusa tumbo lake, akaangalia damu yake, akasikia kama ana homa, akatazama matiti na namna mtoto anavyonyonya. Hata tukiweka kando dawa alizotumia, kule kutazamwa kila siku kwa siku 40 ni jambo ambalo wanawake wengi wa leo hawalipati.

Jamii ilijua kwamba hiyo ni kazi, na iliiwekea hesabu. Katika ada za ndoa za Waswahili, mbali na mahari ya bibi harusi mwenyewe, kulikuwa na malipo yaliyokwenda kwa mamake kwa jina la mkaja, na mengine kwa jina la ubeleko, ile nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Mkwe alikuwa akimlipa mama mtu kwa kufungwa tumbo na kwa kubeba, miaka 15 au 20 baada ya mambo hayo kutokea. Wapo wanaoona ada hizo kuwa tamaa ya wazazi, na ni kweli kwamba zilikuzwa na kutumiwa vibaya kama ada nyingine yoyote. Lakini jamii isiyothamini kazi fulani haiipi jina katika mkataba wake mkubwa kuliko yote. Hapa ulezi wa mzazi na mtoto umeingia kwenye hesabu ya fedha kati ya koo mbili, ukatajwa mbele ya mashahidi wanaume ambao chumbani hawakuingia.

Kuna jibu ambalo husikika haraka: kwamba arobaini ni sheria ya dini tu, na hakuna cha kuchimba zaidi. Jibu hilo halikidhi. Waislamu wa mwambao kwa wingi wao ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, na katika fiqhi ya Shafi muda mrefu kabisa wa nifasi, yaani damu ya baada ya kuzaa, ni siku 60. Siku 40 ni ule wa kawaida unaotajwa. Damu ikikatika mapema, mwanamke huoga akaswali, hata kama ni wiki ya pili. Sheria inazungumzia swala, saumu na tendo la ndoa. Haimwagizi mtu amkande mzazi kiuno, wala haisemi nani atampikia. Isitoshe, hesabu ya 40 ni ya zamani kuliko Uislamu na imeenea mbali: Kitabu cha Walawi kinampa mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume siku 40 za kujitakasa na wa kike siku 80, na Kanisa la Ethiopia linabatiza kwa hesabu hiyohiyo. Mwambao uliokuwa na maingiliano na Bara Arabu na India kwa zaidi ya miaka 1,000 ulipokea hesabu iliyokwisha kuzagaa. Kilichotiwa ndani ya hesabu hiyo, yaani mkandaji, uji, mkaja na mama wa kukaa naye, kilipangwa hapa, na wanawake ndio waliokipanga. Dini ilitoa muda na heshima. Kazi ilitoka majumbani.

Pingamizi lililo zito zaidi linahusu nani hasa alipumzika. Karne ya 19, ambayo ndiyo tuna maandishi yake, ilikuwa karne ya utumwa katika mwambao. Maji ya mzazi muungwana yalitekwa na mtumwa, kuni zilikatwa na mtumwa, na mtoto mara nyingi alilelewa na yaya ambaye hakuwa huru. Mwanamke aliyelima mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, au mtama na nazi nyuma ya Malindi, hakuwa na mtu wa kumpa siku 40. Hata suria, ambaye kwa sheria ya Kiislamu mtoto wake aliyezaa na bwana alikuwa huru na yeye mwenyewe hakuweza tena kuuzwa, alibaki chini ya milki. Amri ya Unguja ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa iliwaacha masuria nje, wakasubiri hadi 1909. Kwenye pwani ya Kenya utumwa uliondolewa 1907, na Tanganyika 1922. Anayeisifia arobaini bila kulitaja hili anasifia pumziko la mwanamke mmoja lililolipwa na mgongo wa mwingine. Ninalikubali pingamizi hili lote. Lakini tazama kilichofuata. Minyororo ilipokatika, desturi haikufa kwa kukosa watumwa. Ilienea. Wanawake waliotoka utumwani na watoto wao waliishika kama haki ya mtu huru, kazi ikagawanywa upya baina ya mama, dada, mawifi na majirani, na kufikia katikati ya karne ya 20 arobaini ilikuwa imeingia hata katika vibanda vya makuti vya Ng'ambo, Unguja, na mitaa ya watu wa kawaida Mombasa. Desturi ya mabwana isiyo na faida kwa mwili isingepiganiwa na watu waliokwisha kunyimwa.

Yupo pia anayesema: wakunga hao mnaowasifu waliua. Pingamizi hilo nalo tulikabili sawasawa. Mkunga wa zamani hakuwa na la kufanya mtoto alipokwama. Aliyeletewa kombe la zafarani anywe aya zilizooshwa alipata faraja, lakini nyonga nyembamba haikupanuka kwa wino. Damu ilipomwagika baada ya kondo la nyuma kutoka, au lilipokataa kutoka, saa mbili zilitosha kumaliza maisha. Kitovu kilichokatwa kwa chombo kichafu, au kupakwa majivu na samadi kama ilivyokuwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kilileta pepopunda iliyoondoa watoto wachanga kabla hata ya kupewa majina. Tanzania ilithibitishwa kuitokomeza pepopunda ya watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2012, na ushindi huo uliletwa na chanjo kwa wajawazito na wembe safi. Hakuna desturi iliyoweza kufanya hivyo. Basi tangu miaka ya 1920, serikali ya kikoloni, misheni na wafadhili walipoanza kujenga nyumba za uzazi, zikiwemo zilizopewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa Kenya, walikuwa wanajibu tatizo la kweli, hata kama baadhi yao walimtazama mwanamke wa Kiafrika kwanza kama chanzo cha nguvukazi. Nao wanawake hawakuburutwa. Waliona nani amerudi hai, wakachagua.

Takwimu za uchaguzi huo ni za kutia moyo. Kenya, katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003, uzazi 40 tu kati ya kila 100 ulifanyika katika vituo vya afya; mwaka 2022 ulifikia 82. Tanzania ilitoka 63 mwaka 2015/16 hadi 81 mwaka 2022, na katika muda huohuo vifo vya uzazi vilivyokadiriwa na uchunguzi wa kitaifa vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mkutano uliofanyika Nairobi Februari 1987 na kuzindua kampeni ya kimataifa ya uzazi salama ulikuwa umeweka matumaini makubwa kwa wakunga wa jadi, wakafunzwa na kupewa visanduku vya vifaa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mashirika ya kimataifa yaligeuka: mafunzo mafupi hayakupunguza vifo kama ilivyotarajiwa, na fedha zikaelekezwa kwa wakunga waliosomea na huduma za dharura. Uamuzi huo ulikuwa na msingi. Kosa lake lilikuwa moja, nalo si dogo: mkunga wa jadi alipimwa kwa saa ya kuzaa peke yake, saa ambayo kweli alikuwa dhaifu, na alipoondolewa hapo akaondolewa na siku 40 zilizofuata, ambazo ndizo zilikuwa na nguvu zake. Hakuna aliyeajiriwa kushika nafasi hiyo.

Pengo hilo linaonekana katika takwimu zilezile zinazotufurahisha. Mwaka 2015/16, wakati wanawake 63 kati ya 100 wa Tanzania walijifungulia katika vituo, waliopimwa afya zao ndani ya siku mbili baada ya kujifungua walikuwa 34 tu. Yaani karibu nusu ya waliofika kwenye mlango wa huduma walitoka bila mtu kuwatazama tena. Wodi zimejaa, kitanda kinasubiriwa, na anayeweza kutembea hupewa ruhusa aende zake. Huko nyumbani mamake yuko mbali au naye ana kazi, mume amepewa siku chache za likizo kama ameajiriwa, na nyumba ya kupanga haina ua wa kuwekea kuni wala jirani wa kuulizwa. Wenye pesa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wanamlipa mkandaji kwa siku, na hilo ni uthibitisho kwamba haja yake haijakwisha. Wasio na pesa hurudi sokoni, kisimani au shambani kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka.

Ni kweli kwamba damu nyingi hutoka katika saa 24 za mwanzo, na kwamba mtu akiniuliza pa kuweka shilingi ya kwanza nitamwambia aiweke kwenye chumba cha kujifungulia. Lakini maambukizi ya kizazi hujitokeza siku kadhaa baadaye, kifafa cha uzazi kinaweza kumpata mwanamke aliyekwisha kurudi nyumbani, na huzuni nzito baada ya kuzaa huja taratibu, mara nyingi wageni wakiwa wamekwisha kuondoka. Tiba ya kisasa inalijua hili vizuri. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani huhesabu kifo cha uzazi hadi siku 42 baada ya mimba kwisha, na hupendekeza mzazi na mtoto waonwe katika saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na mwisho katika wiki ya sita. Sheria za kazi nazo zilikwenda njia hiyo: mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919 ulikataza mwanamke wa viwandani na biashara kufanyishwa kazi katika wiki sita baada ya kujifungua, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza hivyohivyo isipokuwa daktari akithibitisha kuwa anaweza. Daktari wa Geneva na bibi wa Pangani walifikia karibu hesabu ileile ya siku kwa njia tofauti kabisa. Tatizo ni kwamba wanawake wengi wa Afrika Mashariki hawana mwajiri wa kukatazwa chochote. Muuza vitumbua na mkulima wa mihogo hawalindwi na kifungu hicho, ilhali desturi iliwalinda, au ilijaribu.

Baadhi ya wanawake wasomi wanaiona arobaini kuwa kifungo: mwanamke anafungiwa ndani, anaamuliwa chakula, ananyimwa hewa, na sauti ya mama mkwe inatawala. Wako waliokutana na hali hiyo, na sitawaambia haikuwapo. Chumba chenye moshi kilimdhuru mtoto, wanja wa dukani anaopakwa mtoto unaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, maji ya moto kupita kiasi huunguza, na mwenye mshono wa upasuaji hafai kukandwa tumbo kama aliyezaa kawaida. Hayo yaachwe, tena yasemwe wazi kwamba yaachwe. Lakini tukumbuke kazi za mwanamke huyo siku nyingine za mwaka: kuteka maji, kutwanga, kupika, kulima, kulala na mume atakapo mume. Arobaini ilikuwa muda pekee katika maisha yake ya utu uzima ambao mume hakuwa na haki ya kumdai chochote na jamii nzima ilikubali hivyo. Mila haikumwachia mwanamke ngao nyingi za namna hiyo.

Serikali zetu sasa zina watu wa kuirithi kazi hii. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 107,000 mwezi Septemba 2023, na Tanzania ilitangaza Januari 2024 mpango wa kuwa nao zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Wapewe jukumu la kumwona kila mzazi nyumbani kwake katika siku 40, wakijua dalili za homa, damu, kifafa na huzuni, wakiwa na simu ya kuita gari. Wakandaji wanaojulikana mitaani wasifukuzwe. Waitwe, waonyeshwe yasiyofaa ili wayaache, waachiwe yanayofaa. Na muuguzi wa kliniki, mimba ikifika mwezi wa saba, amuulize mama swali moja zaidi mbele ya mumewe: ni nani, kwa jina lake, atakaa nawe mpaka arobaini itimie? Asiyekuwa na jina la kutaja aandikwe, na atembelewe kwanza.